Imekauka Tangu Lini?

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya walimu, wanakwaya, madereva na makonda



Nianze na mwenzenu mmoja. Jina lake nalifunika, kazi yake siifuniki: alikuwa konda. Aliingia chumbani kwangu akifuatana na mama yake, akaketi, akamwaga juu ya meza mfuko wa kaki wa duka la dawa. Karatasi mbili za amoksilini, moja imekwisha, ya pili imeachwa nusu. Vidonge vya kunyonya vya mnanaa. Chupa ya dawa ya kikohozi. Kichupa kilichokuwa cha jemu, sasa kimejaa asali na tangawizi iliyopondwa. Nikamwuliza swali ninalomwuliza kila mwenye sauti ya namna ile: imekauka tangu lini?

“Kama wiki mbili hivi, dokta.” Alisema kwa sauti ya kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji.

Mama yake akamgeukia. “Wiki mbili! Wewe Idi ndogo ulikuja kunipa mkono, shikamoo yako sikuisikia, nikamwambia dada yako mtoto huyu siku hizi ananidharau. Leo watu wanajiandaa na Maulidi!”

Hesabuni wenyewe. Kutoka Idi ndogo hadi Maulidi ni miezi mitano na siku zake. Kijana hakusema uongo. Mguu ukivunjika unajua siku, saa, hata mtaro ulioangukia. Kilichokuwa kooni mwake hakikuuma hata siku moja. Kiliingia na vumbi la barabara, kikachanganyika na kelele za kazi, akakizoea. Wiki mbili alizozitaja ni zile ambazo abiria walianza kumcheka. Mama ndiye aliyekuwa na tarehe.

Nimewaleteeni habari hii kwanza kwa sababu watu wakiniita kuzungumza juu ya dalili za mwanzo za saratani ya koo hutegemea nitaje maumivu makali, kutema damu, kukonda hadi mifupa kuonekana. Hizo zipo, lakini ni dalili za mlango wa kutokea. Za mlango wa kuingilia ni ndogo, haziumi, na mara nyingi mwenyewe ndiye wa mwisho kuziona.

Sasa, Kiswahili chetu ni tajiri, lakini hapa kimefanya ubahili. Tunasema koo linawasha, chakula kimekwama kooni, sauti imekauka kooni, mtoto ana koo. Neno moja, mahali pengi. Nyuma kabisa ya pua kuna uwazi usioonekana hata mtu akipanua mdomo namna gani. Chini yake kuna sehemu ile unayoiona kwenye kioo ukisema “aaa”, pale kinaponing'inia kimeo, ambacho wengine wenu mnakiita kidakatonge, na kando yake zile nyama mbili zinazovimba kwa mafindofindo. Teremka tena, utafika kwenye zoloto, kisanduku cha sauti, ambacho mwanamume akimeza mate unakiona kikipanda na kushuka shingoni. Nyuma ya hapo unaanza umio, bomba laini la chakula lenye urefu wa kama sentimita 25, linaloteremka kifuani mpaka tumboni. Hewa hupita mbele na chakula nyuma; pale njia zinapokatana ndipo mtu hupaliwa.

Saratani ikianza katika mojawapo ya sehemu hizi, mtaani yote huitwa kansa ya koo. Magharibi mwa Kenya na kule Bonde la Ufa, mtu akikwambia jirani yake ana kansa ya koo, aghalabu anazungumzia umio. Mtu mwingine kwa maneno yale yale anazungumzia zoloto. Ni magonjwa mawili yenye tabia mbili. Moja hupiga kelele mapema. La pili linanyamaza mpaka limejenga nyumba.

Nianze na la kelele.

Ndani ya zoloto kuna kunjo mbili nyembamba tunazoziita nyuzi za sauti. Mwanamume akizungumza hugongana kama mara 100 kwa sekunde. Za mwanamke kama mara 200. Kitu kinachogongana kwa kasi hiyo hakivumilii doa. Uvimbe wa ukubwa wa punje ya ulezi unatosha kuzizuia zisikutane sawasawa, na sauti ikaanza kukwaruza. Ndiyo maana saratani inayoanzia juu ya uzi wa sauti ni kama mwizi aliyekanyaga debe usiku: kajitangaza kabla hajaiba. Tena sehemu ile ina mishipa michache sana ya limfu, kwa hiyo ugonjwa hukawia kutoka hapo kwenda kwenye tezi za shingo. Wanaotibiwa ungali juu ya uzi wa sauti peke yake, takriban tisa katika kila kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Katika kazi yangu ya saratani, hesabu nzuri kama hiyo ni chache mno.

Debe limegongwa. Tatizo ni kwamba kila mtu ana maelezo yake ya debe. Mwalimu anasema ni chaki na darasa la wanafunzi 90. Mwanakwaya anasema ni mazoezi ya Pasaka. Konda anasema ni vumbi, mwadhini anasema ni spika mbovu. Na mara nyingi wanasema kweli! Sauti hukauka kwa mafua, kwa kupiga kelele, kwa asidi inayopanda kutoka tumboni usiku, kwa vijinundu vinavyoota kwa watu wanaotumia sauti vibaya. Hukauka pia kwa kifua kikuu cha zoloto, ambacho hapa kwetu hatuwezi kukisahau, nacho kinaambukiza, kinatibika, na dawa zake hazilipiwi. Kwa hiyo sisemi kila sauti iliyokauka ni saratani. Nasema sikio halitofautishi. Hata mimi niliyesikiliza sauti mbovu kwa miaka mingi siwezi kukwambia kwa kusikia tu.

Kinachotofautisha kwanza ni kalenda. Sauti ya mafua hurudi baada ya wiki moja, ikichelewa sana mbili. Ya kelele hurudi mtu akinyamaza. Ikipita wiki ya tatu haijarudi, hasa kwa mvutaji au mnywaji, au kwa mtu aliyepita miaka 40 na kitu, hapo panahitaji jicho. Naomba mnielewe neno hilo. Jicho, maana yake mtu azitazame nyuzi zenyewe. Kuandikiwa dawa ya tatu ya kikohozi hakuhesabiki kuwa ni kutazamwa.

Na aliyetufungulia njia ya kutazama hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aitwaye Manuel García, aliyefundisha London. Mwaka 1854, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo cha daktari wa meno, chenye mkono mrefu, akakipasha joto katika maji kisipate ukungu, akakiingiza nyuma ya mdomo wake, na kwa kioo cha pili mkononi akaurusha mwanga wa jua ndani. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufunga. Alichokitaka ni kujua tu wanafunzi wake wanaimbaje. Mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa mbele ya wanasayansi wa London, na madaktari wakaichukua. Walimu wa kwaya mliopo hapa, tembeeni kifua mbele: kifaa changu cha kwanza nilichopewa chuoni kilitoka kwenu.

Kuna mgonjwa mmoja wa enzi hizo ambaye habari zake zimenigusa sana, na kwa mji huu si mgeni kabisa. Mwanamfalme Friedrich wa Ujerumani, mrithi wa kiti, alianza kukauka sauti Januari 1887. Alikuwa mvutaji. Madaktari wake wa Berlin waliona kijiuvimbe kwenye uzi wa sauti, na kufikia Mei wakataka kupasua. Akaitwa bingwa kutoka Uingereza, Morell Mackenzie, ambaye alisema tusipasue kabla ya kuthibitisha. Akanyofoa kinyama, kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, mtu aliyeheshimiwa kuliko wote duniani kwa kusoma vinyama kwenye hadubini. Virchow hakuona saratani. Upasuaji ukafutwa. Novemba ilikuwa dhahiri kwamba ni saratani. Februari 1888 alitobolewa shingo ili apumue, na tangu hapo akawa anaandika kwenye vikaratasi. Machi 9 baba yake akafa, naye akawa Kaizari asiye na sauti kwa siku 99, mpaka Juni 15.

Ndani ya siku hizo 99, mwezi Aprili, Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kuipangisha kampuni ya Kijerumani pwani hii. Agosti wakaja kupandisha bendera yao hapo Pangani, na mnajua Abushiri bin Salim alivyowajibu. Sisemi historia yetu ingekuwa nyingine Kaizari angepona. Wanahistoria wanabishania hilo na mimi ni mtu wa makoo. Ninachokichukua ni kinyama cha Virchow. Hakukosea kusoma, alisoma alichopelekewa, na alichopelekewa huenda kilinyofolewa pembeni au juu juu. Mpaka leo hutokea. Mtu akiambiwa kipimo hakikuonyesha kitu, huku sauti inazidi kuharibika, arudi apimwe tena. Karatasi ikisema hakuna na koo linasema kipo, mimi hulisikiliza koo.

Hapa niingize neno la kimeo, maana nisipoingiza mtaniuliza. Tunajua wote kuna mafundi wa kukata kimeo. Mtoto akikohoa sana, mtu mzima akihisi kitu kooni, jirani atasema kimeo kimerefuka, kikatwe. Sikuja kuwatukana mafundi. Nimekaa nao, wengine wana mikono myepesi kuliko madaktari vijana. Lakini kimeo hakisababishi sauti kukauka. Hakizuii ugali. Mtu mwenye uvimbe kwenye zoloto akikatwa kimeo, atatoka damu, atauguza kidonda kwa wiki mbili, atanunua nafuu ya maneno, na uvimbe utakuwa pale pale umepewa mwezi wa ziada. Na wembe uliopita kwa watu wengine unaweza kumwachia maradhi mengine. Nimeona wagonjwa wenye koo safi sana pale mbele, kimeo hakipo kabisa, na chini yake saratani inayotosha kuziba pumzi.

Sasa la pili, lile linalonyamaza. Hili nitakaa nalo, kwa sababu lina deni langu.

Shangazi yangu alizeeka kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mahali ambapo asubuhi ya Julai moshi wa jikoni unatoka kwenye paa zote kwa pamoja. Alikuwa na miaka 64. Mimi nilikuwa daktari wa miaka miwili, nimekwenda likizo na stetoskopu yangu mpya kwenye begi, kila jirani nampima presha. Nyumba ile ilipika ndizi nyama. Jioni ya kwanza nikaona shangazi amepikiwa mtori peke yake. Mtori ni chakula cha mzazi. Nikamtania, “Shangazi, umejifungua lini?” Wote wakacheka, naye akacheka. Akasema meno yamemchosha.

Asubuhi chapati yake aliichovya kwenye chai mpaka ikawa uji. Mchana, kila tonge alilisindikiza na funda la maji, na baada ya kumeza alinyamaza kidogo na kunyoosha mgongo, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu nje. Alikuwa wa mwisho kuondoka mezani. Siku ya tatu hakuja mezani kabisa. Alisema atakula jikoni, wageni wasimsubiri. Kanga yake ilizunguka kiuno na kubaki kipande kirefu cha kufunga.

Niliyaona yote hayo. Ndiyo maana ninaweza kuwasimulia leo. Niliyaona nikiwa na cheti, nikamwambia aende kwa daktari wa meno. Akatii, kwa kuwa mpwa wake ni msomi, akang'olewa magego mawili mazima. Miezi minne baadaye maji yenyewe yakakataa kupita.

Sasa nieleze kilichokuwa kinatendeka. Umio ni laini kama soksi, hutanuka. Uvimbe ukianza upande mmoja, upande mwingine hutanuka kupisha chakula, na mtu hahisi kitu. Anapoanza kuhisi tonge linakawia, mwanya huwa umepungua sana. Kwanza hugoma nyama na ugali mkavu. Kisha ndizi na wali. Kisha hata uji, na mwisho maji. Mpangilio huo ndio saini ya ugonjwa. Donge la mawazo, lile linalomkaba mtu akiwa na deni au msiba, ni kinyume: hulihisi akimeza mate matupu, akila halipo. Mafindofindo huuma kila kitu sawa, hata maji. Umio wenye uvimbe huchagua. Unaanza na vigumu, unateremka ngazi moja moja. Mwulize mgonjwa kinakwama wapi, atakuonyesha kwa kidole kifuani.

Na binadamu ni hodari wa kujirekebisha. Hatasema siwezi kumeza. Atasema sipendi tena nyama, madaktari wamekataza. Atasema meno. Atahamia kwenye uji kwa afya. Kila hatua ina sababu nzuri, na kila sababu inapokelewa na watu wanaompenda. Ndiyo maana ninawaambia wapishi wa nyumbani: sahani inajua kabla ya daktari. Nani ameacha minofu akachukua mchuzi? Nani analoweka mkate ambaye hakuwa analoweka? Nani ameanza kula peke yake? Swali hilo likiulizwa kwa upole, na likifuatiwa na kipimo cha kamera, linaokoa miezi ambayo mimi niliipoteza kwa magego mawili.

Kwa dunia nzima, mwaka 2020 ulikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya umio zaidi ya 600,000, na vifo zaidi ya 540,000. Tazameni jinsi namba ya pili inavyoikaribia ya kwanza. Na sisi tunaishi ndani ya ukanda wake: unatoka Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi, unakwisha Rasi ya Mashariki huko Afrika Kusini. Kule Bomet, Kenya, wapo wagonjwa wa chini ya miaka 40, na hata chini ya 30, wengine hawajagusa sigara wala pombe. Kwa nini? Jibu moja halipo. Tumbaku imo, pombe imo, moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha unashukiwa. Na chai.

Naona akina mama mnatazamana. Chai yenyewe haina kosa. Ni moto wake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzijoto 65, kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Mwaka mmoja kabla, vilichapishwa vipimo vilivyochukuliwa Kilimanjaro, vya joto la chai pale mtu anapopiga funda la kwanza. Wastani ulizidi kidogo nyuzijoto 70. Chai ya maziwa ilinywewa ya moto kuliko ya rangi, na maziwa hukawia kupoa. Shangazi yangu alikuwa akirudisha kikombe jikoni kama hakifuki moshi. Ngoja dakika kadhaa. Mimina kwenye sahani kama wazee wetu walivyofanya, tuliwacheka bure.

Niliyobakiza kuhusu dalili nitayapita haraka. Sikio: neva zinazohudumia koo zina matawi sikioni, kwa hiyo uvimbe ulio nyuma ya ulimi au juu ya zoloto unaweza kuumiza sikio la upande ule ule, na sikio likitazamwa ni safi kabisa. Mtu mzima mwenye sikio linalouma upande mmoja kwa wiki, bila usaha, atazamwe koo. Shingo: tezi la homa huuma, hulainika, hupungua. Tezi gumu lisilouma, linalokua baada ya wiki tatu, lina habari. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa saratani iliyojificha juu yake. Nyuma ya pua: tundu moja la pua kuziba, sikio la upande huo kujaa kama umepiga mbizi, damu kidogo kwenye kamasi. Saratani ya huko inaonekana zaidi kwa watu wa nyanda za juu za Kenya kuliko kwetu pwani, nayo inahusishwa na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda, uliotumwa London kutoka Kampala alikofanya kazi daktari Denis Burkitt. Na damu, sehemu yoyote: hiyo haingojei wiki tatu.

Kuhusu visababishi mnajua wimbo, ila una mishororo miwili ambayo hapa pwani hatuiimbi. Wa kwanza: sigara na pombe kwa pamoja havijumlishwi, vinazidishana. Wa pili ni tambuu. Tunaona tumbaku iliyomo ndani yake kuwa ndiyo mbaya, na popoo kuwa pambo la harusi. Popoo peke yake, bila tumbaku, imewekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na sigara. Shisha tulikwisha kuipiga marufuku mwaka 2016, ingawa pua yangu ikipita mitaa fulani usiku huniambia vingine. Na mabinti zenu mnaowapeleka kwenye chanjo ya kirusi cha HPV, iliyoanza nchi nzima mwaka 2018 kwa ajili ya mlango wa kizazi: kirusi hicho hicho huweza kuanzisha saratani nyuma ya ulimi na kwenye mafindofindo.

Tumalizie na chumba chetu, maana wengi mnakiogopa kuliko ugonjwa. Nikitaka kuziona nyuzi zako, nitapitisha puani waya wa kamera mwembamba kuliko wa chaja ya simu. Unapuliziwa ganzi, unatokwa machozi, unasema “iii”, imekwisha. Dakika mbili tatu, na uko macho. Kwa umio kamera inapita mdomoni, unapewa dawa ya kukutuliza. Nikiona kitu, tunachukua kinyama.

Na hapo ndipo mzee mmoja katika kila ukoo husimama akasema: kansa haichokozwi, ikiguswa na chuma inasambaa. Nimewahi kuudhika na neno hilo. Siku hizi naona lilipotoka. Watu wetu walifika hospitali wakiwa wamebakiza wiki chache, wakachukuliwa kinyama, wakafa mwezi huo huo. Jirani aliona chuma, akaona kaburi. Hakuiona miezi kumi ya asali na tangawizi iliyotangulia. Kwa saratani hizi tunazozizungumza, kuchukua kinyama ndiko kunakotuambia ni nini na itibiwe vipi. Bila hicho hakuna daktari wa mionzi atakayewasha mashine.

Mionzi, upasuaji, dawa za mishipani: vipo. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iko kwenye jengo ambalo Wajerumani walilifungua kuwa hospitali mwaka 1897. Taasisi hiyo ina mashine za mionzi. Ikilazimu kutoa zoloto yote, mtu hupumulia tundu la shingoni na hufundishwa kusema tena kwa njia nyingine. Kwa umio uliokwisha kuziba, huwekwa stenti, bomba la nyavu linalofunguka lenyewe, ili mtu ale. Hospitali ya Tenwek kule Bomet inajulikana kwa kazi hiyo. Shangazi aliwekewa ya namna hiyo. Siku ya pili aliomba mtori, akanywa bakuli zima, akaniuliza, “Sasa na mimi nimejifungua?” Aliishi mpaka mavuno ya kahawa.

Konda je? Alikuwa na bahati isiyotarajiwa kwa mtu aliyechelewa miezi mitano: uvimbe ulikuwa kwenye uzi mmoja, na uzi bado unachezacheza. Kinyama kilisema saratani. Alikwenda kwenye mionzi siku tano kwa wiki, wiki sita na kitu, akilala kwa mjomba wake Mbagala, ngozi ya shingo ikababuka, akala uji tu kwa mwezi. Alikuwa amevuta tangu darasa la saba. Ameacha, au ananiambia ameacha. Miaka minne sasa. Sauti imerudi robo tatu, nzito, yenye mchanga kidogo. Mama yake anasema shikamoo anaisikia.

Amerudi kwenye gari. Mwezi uliopita nilipanda bila yeye kujua, nikakaa nyuma. Hapigi tena kelele za vituo. Ana sarafu mbili kiganjani. Anazigonga kwenye bodi ya gari, mara moja ni kushusha, mara mbili ni twende, na dereva ameshamzoea.